Röntgen: Kijana Aliyefukuzwa Shule Akatufunulia Jino

Mwaka huu nimeamua kuwaeleza maisha ya Wilhelm Conrad Röntgen. Hakuwa daktari wa meno, lakini madaktari wa meno ulimwenguni kote wana deni lake.

Röntgen alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 Machi, 1845, akalelewa Uholanzi. Alipokuwa akisoma Utrecht, mwanafunzi mwingine alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Lawama ikamwangukia Röntgen. Alimjua mchoraji, ila alikataa katakata kumtaja. Basi akafukuzwa, na cheti cha kumwingiza chuo kikuu akakikosa. Wengi wetu hapo tungesema mambo yamekwisha. Yeye hakukata tamaa. Mwaka 1865 alijiunga na chuo cha ufundi huko Zurich, Uswisi, kilichompokea bila cheti hicho, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari.

Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, alikuwa peke yake maabarani mjini Würzburg, akipitisha umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chupa yenyewe aliifunika kwa karatasi nyeusi. Kumbe kando yake kibao kilichopakwa kemikali kilikuwa kinang'aa gizani! Kulikuwa na miale inayopenya karatasi. Kwa kuwa hakuijua, aliiita miale ya X. Baadaye alipiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, na mifupa ikaonekana, pete na yote.

Januari 1896, Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Braunschweig, alipiga eksirei ya meno yake mwenyewe. Ati alitulia dakika 25 nzima! Kabla ya hapo daktari alitegemea macho, kioo kidogo na sindano. Uozo uliojificha katikati ya magego mawili ulionekana umechelewa, yaani jino limeshatoboka. Sasa hebu fikirini: sehemu iliyooza imepoteza madini, kwa hiyo miale hupita kwa urahisi, na pichani huonekana nyeusi kuliko jino zima. Jino likigunduliwa mapema huzibwa, haling'olewi. Hata hivyo kioo hakikutupwa, maana uozo unaoanza tu eksirei huweza kuukosa.

Mwaka 1901 Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa. Fedha zake aliuachia Chuo Kikuu cha Würzburg. Tena alikataa kujiandikishia haki ya uvumbuzi huo, akitaka kila mtu autumie. Angalitaka, angalikuwa tajiri. Alifariki Munich tarehe 10 Februari, 1923, akiba yake ikiwa imeliwa na mfumuko wa bei.

Wenzangu, wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kijana aliyekataa kumuuza mwenzake ndiye mzee aliyekataa kuuza miale yake. Mimi naona ni tabia ile ile moja, na ndiyo maana namheshimu.