Sajini Aliyerudi Kuwaombea Aliowaua

Nina kosa la kukiri kwanza. Mwezi jana nilimpa maikrofoni ndugu mmoja aliyerudi kutoka kazi ya jeshi, nikamwambia atueleze vile Bwana alimpa ushindi. Mkapiga makofi. Yeye akaangalia sakafu, akasema asante, akaketi. Wiki hiyo sikuwa na amani, ndio nikarudi kusoma maisha ya Alvin York.

York alizaliwa mwaka wa 1887 Pall Mall, kijiji cha milimani katika jimbo la Tennessee, Marekani. Ujana wake ulikuwa wa pombe na ngumi, na alikuwa na shabaha kali ajabu. Mwanzoni mwa 1915 akaokoka, akaacha hayo yote, akawa anaongoza nyimbo kanisani. Alipoitwa jeshini 1917 aliomba aachwe, kwa sababu Neno linakataza kuua. Wakakataa. Sababu? Ati kanisa lake halikuwa na kanuni nyingine iliyoandikwa zaidi ya Biblia yenyewe!

Makamanda wake wawili waliketi naye wakafungua Maandiko, kisha wakampa ruhusa ya siku kumi aende nyumbani. Akapanda mlimani kuomba. Akashuka akiamini kwamba anaweza kwenda vitani na Mungu atamrudisha.

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne, Ufaransa, kundi lake la watu 17 lilimiminiwa risasi za bunduki za rashasha. Sita walikufa, mmoja wao Koplo Murray Savage, rafiki yake wa karibu kabisa. York akaanza kujibu. Wajerumani walipomkimbilia na singe, alimpiga wa nyuma kwanza, halafu anayemfuata, ili wa mbele wasijue wenzao wanaanguka. Ndivyo alivyozoea kuwinda bata mzinga kwao. Na huku anapiga kelele wajisalimishe, asije akalazimika kuua zaidi. Wajerumani zaidi ya 20 walikufa, 132 wakatekwa.

Sisi wahubiri huwa tunaishia hapo, kwa shangwe. Lakini kesho yake asubuhi York aliomba ruhusa arudi pale, pengine kuna aliyebaki hai. Hakumpata hata mmoja. Akasimama katikati ya maiti akawaombea wenzake, akawaombea na Wajerumani, akiwahesabu wote kuwa ndugu zake.

Marekani ikampa nishani yake ya juu kabisa, na New York ikamfanyia gwaride. Watu wa sinema na maonyesho wakaja na maelfu ya dola. Mimi nilisomea biashara, na nakiri ningeweka sahihi siku hiyo hiyo. Yeye alikataa kuuza jina na gwanda lake, ingawa hata shamba alilozawadiwa lilimwachia deni. Alipoalikwa kuhutubia, watu walitaka kusikia Argonne; yeye akasema anajaribu kuisahau vita, akawaeleza habari za shule anayotaka kuwajengea watoto wa milimani. Filamu ya maisha yake ilitoka 1941, zaidi ya miaka 20 baadaye, na alikubali kwa sababu alitaka pesa za kujenga shule ya Biblia.

Alifariki Septemba 1964.

Yule ndugu yetu nimempigia simu nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Alhamisi nitakuwa ofisini. Nitakuwa.