Lebna Dengel: Mfalme wa Ethiopia aliyechorwa Florence akiwa ashakufa

Ukiingia kinyozi pale Kebirigo, si ajabu upate Tupac anakucheki kutoka kwa ukuta. Msee aliyemchora hakuwahi kumwona, alitoa tu kwa picha nyingine. Sasa huko Florence, Italia, juu kabisa kwa kuta za jumba la Uffizi, kuna Mwafrika alichorwa hivyo hivyo zaidi ya miaka 450 iliyopita. Jina ni Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia.

Jamaa alikalia kiti mwaka wa 1508 akiwa bado mtoi, so Malkia Eleni ndiye alishika usukani. Mathee aliona mbali, akatuma mjumbe Ureno kusaka urafiki. Wareno kufika 1520, mfalme ni barobaro, ashapiga jeshi la Adal, na kichwa imeanza kufura. Aliwaweka wageni hadi 1526. Huko Ulaya nao walidhani yeye ndiye Prester John, yule mfalme Mkristo tajiri wa hadithi zao.

Halafu 1529 ikawa noma. Ahmad ibn Ibrahim wa Adal alimchapa vibaya pale Shimbra Kure. Kutoka hapo maisha ikawa ni kuhepa, mlima hadi mlima, makanisa yakichomwa nyuma yake. Ndio sasa akakumbuka Wareno, akaomba msaada. Alikufa 1540 huko Debre Damo, monasteri iko juu ya mwamba, unaipanda na kamba. Wanajeshi 400 wa Ureno walitua mwaka uliofuata. Mwanawe Galawdewos ndiye alimaliza Ahmad 1543.

Sasa rudi kwa picha. Cosimo wa Medici, mdosi wa Florence, alituma mchoraji Cristofano dell'Altissimo mji wa Como mwaka wa 1552, akakopi sura za watu maarufu zilizokusanywa na Paolo Giovio. Lebna Dengel alikuwa ashazikwa miaka 12. Kwa hiyo picha hakuna moto, hakuna kamba, hakuna kuhepa. Ni mfalme tu, kwa laini moja na masultani na mapapa.

Mimi nikiicheki naona Cosimo akijionyesha: dunia yote iko kwa ukuta wangu. Stori ya Lebna Dengel mwenyewe haimo.

So kabla uonee mtu wivu juu ya DP, jiulize nani aliipiga, na lini. Yako je, inasema ukweli?