Paul von Lettow-Vorbeck na Vita vya Wapagazi

Miongoni mwa majina yanayotajwa sana katika historia ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki ni lile la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Sifa yake kuu ni kwamba alipigana kwa zaidi ya miaka minne bila kushindwa. Hata hivyo, maisha yake hayaeleweki kikamilifu iwapo msomaji atawasahau wale waliobeba vita hivyo vichwani na mabegani.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870 katika mji wa Saarlouis, Ujerumani, katika ukoo wa wanajeshi. Mnamo 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alikwenda Namibia na kutumikia chini ya Jenerali Lothar von Trotha, ambaye aliwaangamiza Waherero na Wanama kwa maelfu. Huko alijeruhiwa na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Januari 1914 aliwasili Dar es Salaam kuongoza jeshi la koloni akiwa na cheo cha Luteni Kanali.

Vita vilipozuka Agosti mwaka huo, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Lettow-Vorbeck alipinga. Alijua kwamba matokeo ya vita yangeamuliwa Ulaya, hivyo lengo lake lilikuwa kuwalazimisha Waingereza kutuma Afrika askari na silaha ambazo zingetumika kwingineko. Novemba 1914, akiwa na wapiganaji wapatao 1,000, aliwafukuza Tanga wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa kutoka India. Januari 1915 alishinda tena huko Jasini, lakini kwa hasara kubwa. Tangu hapo alipendelea mashambulizi madogo madogo.

Shabaha mojawapo ilikuwa reli ya Uganda. Vikosi vidogo vilitembea siku kadhaa katika nyika kavu ya Tsavo kutoka mpakani ili kutega baruti relini. Reli hiyo ilipita Voi, Mtito Andei na Kibwezi. Kaskazini-mashariki mwa Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi, iko Ikutha, ambako Wajerumani wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig walikuwa wamefungua kituo katika miaka ya 1890. Vita vilipoanza, wamisionari hao wakawa raia wa adui katika nchi waliyoizoea. Waliondolewa, na kazi yao Ukambani ikachukuliwa na Africa Inland Mission.

Mwaka 1916 pande za vita ziliongezeka. Jenerali Jan Smuts aliingia kutoka kaskazini kupitia Kilimanjaro, Wabelgiji wakatoka magharibi hadi kuiteka Tabora mwezi Septemba, naye Jenerali Northey akatoka kusini-magharibi. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na manowari za Kiingereza zililinda pwani. Lettow-Vorbeck, ambaye jeshi lake halikuzidi sana watu 14,000 hata lilipokuwa kubwa kabisa, hakujaribu kuzuia kila upande. Alipigana nusu siku, akarudi nyuma usiku, akaacha nyika, mvua na malaria vimmalizie kazi. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Lindi, aliwaua na kuwajeruhi maadui zaidi ya 2,000, kisha akavuka Ruvuma mwezi uliofuata na kuingia Msumbiji.

Mbinu hizo zilihitaji mabega ya watu. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, na barabara za magari zilikuwa chache. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa na mtu. Upande wa Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1917 kazi hiyo ilikabidhiwa John Ainsworth, ambaye hapo awali alikuwa mtawala wa Ukambani, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu zilizotoa vijana wengi. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa Kenya peke yao waliopoteza maisha wanafikia 45,000. Upande wa Wajerumani, vijiji vilinyang'anywa chakula na watu wake. Majeshi ya pande zote mbili yalipokwisha kupita Ugogo, ilifuata njaa kuu iitwayo Mtunya.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa amebakiwa na Wazungu 155, askari 1,156 na wapagazi wapatao 1,600. Machi 1919 alipokewa Berlin kwa shangwe. Mwaka 1920 alitoa kitabu cha vijana alichokipa jina lenye neno la Kiswahili, Heia Safari! Mwaka huohuo alishiriki jaribio la kuipindua serikali, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Wanawe wawili waliuawa katika Vita vya Pili. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi, 1964. Katika miaka ya karibuni, baadhi ya mitaa na kambi zilizoitwa kwa jina lake nchini Ujerumani zimepewa majina mengine.

Wapagazi hawakuandika vitabu, na wengi wao hawakuzikwa katika makaburi yenye majina. Wana nafasi katika sanamu za ukumbusho jijini Nairobi, ambapo mpagazi amesimama pamoja na askari. Zaidi ya hapo, wamehifadhiwa na lugha. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitamkwa Kiswahili likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Maelfu ya watu huenda sokoni humo kila siku na kulitamka jina hilo, ingawa ni wachache wanaojua kwamba wanawataja marehemu wa vita.