Aliyeacha mshahara mnono akaufuata mwanga

Mwaka juzi shangazi yangu alikatwa kinyama kwenye titi, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalichukua wiki sita. Kwa wiki zote hizo nyumbani kwetu hakuna aliyelala usingizi wa raha. Siku moja shangazi akaniuliza iwapo Wazungu wameshindwa kutengeneza tochi ya kummulika mtu ikasema ana nini, bila kumkata. Nilicheka. Nilipokuja kusoma, niliona haya. Tochi hiyo iko njiani, na aliyefungua njia yake hakuwa Mzungu.

Ndugu msomaji, huyo ni Chandrasekhara Venkata Raman, Mhindi aliyezaliwa Tiruchirappalli mwaka 1888. Hakuwa Muislamu. Lakini maisha yake ni somo kwetu sisi tunaojivunia Ibn al-Haytham wa Basra, bingwa wa elimu ya mwanga, kisha tukaishia kwenye kujivuna.

Raman alipata shahada ya pili mjini Madras mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 18. Daktari alikwishasema mwili wake hautastahimili kwenda kusoma Uingereza. Akafanya mtihani wa serikali ya kikoloni, akapata kazi idara ya fedha, Calcutta. Wengi wetu tungefanya shukurani na kuishia hapo. Yeye aliikuta maabara ya jumuiya ya sayansi iliyoanzishwa na Wahindi wenyewe mwaka 1876, akawa anaingia humo asubuhi mapema kabla ya ofisi na kurudi tena jioni. Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa uprofesa wenye mshahara mdogo kuliko aliokuwa akipata. Akaiacha serikali.

Mwaka 1921, akiwa safarini melini, alivutiwa na ubuluu wa bahari ya Mediterania. Wakubwa wa sayansi walishasema bahari inaakisi tu rangi ya mbingu. Hakuridhika, akapima, akaonyesha kuwa maji yenyewe hutawanya mwanga. Swali hilo ndilo lililomfikisha tarehe 28 Februari 1928. Siku hiyo alithibitisha kuwa mwanga wa rangi moja ukipita kwenye kimiminika, sehemu ndogo mno hutoka na rangi nyingine. Mwaka 1930 alipewa tuzo ya Nobel. Insafu inatutaka tuseme pia kuwa K. S. Krishnan alikuwa naye bega kwa bega katika kazi hiyo na hakupewa tuzo, na kwamba Landsberg na Mandelstam wa Moscow waliona jambo hilo hilo majuma hayo hayo.

Faida yake ni ipi? Kila molekuli hutikisika kwa namna yake, na mtikisiko huo hubadilisha rangi ya mwanga unaorudi. Mafuta yana alama yake, protini ina yake, mithili ya alama za vidole. Seli ya saratani haina mchanganyiko sawa na seli nzima, hivyo mwanga huweza kuzitenga bila rangi wala kisu. Leza ilipopatikana mwaka 1960 elimu hii ikapata nguvu mpya. Raman alifariki mwaka 1970. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Canada, walitangaza kifaa cha kushika mkononi kinachomsaidia daktari, katikati ya upasuaji wa ubongo, kujua wapi saratani imeishia. Bado kinyama na hadubini havijaachwa, lakini mlango umefunguka.

Alhamdulillah, majibu ya shangazi yalikuja mazuri. Nilimsimulia habari za Raman, akaniuliza mwanangu anasomea nini. Nikamjibu uhasibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza fizikia nikisema haina ajira. Shangazi alinyamaza. Nami tangu siku ile sina raha na jibu langu.