Mzee Karume katika Miaka ya Hizbu na Afro-Shirazi

Kila tarehe 7 Aprili ofisi za serikali mjini Sumbawanga hufungwa, na vijana wetu wa Chanji hupumzika kwa furaha ya sikukuu. Ukiwauliza sababu ya siku hiyo, wengi hulitaja jina la Karume na kuishia hapo. Lakini Marekani inapokaribia uchaguzi, vijana hao hao hubishana juu ya Democrats na Republicans, chama cha punda na chama cha tembo, kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Si vibaya kuzijua habari za dunia. Hata hivyo, Visiwani mwetu nako kulikuwa na vyama viwili vikubwa vilivyowagawa watu karibu nusu kwa nusu, na kisa chake hakisimuliwi tena hata katika vikao vya tawi. Leo tutakisimulia kwa kuyafuata maisha ya marehemu Sheikh Abeid Amani Karume.

Alizaliwa Mwera, kisiwani Unguja, mwaka 1905. Elimu ya shule hakuipata ya kutosha. Angali kijana aliingia ubaharia katika meli za mizigo, akaziona bandari nyingi za dunia. Aliporejea nyumbani alifanya kazi ya motaboti zilizowashusha abiria kutoka melini hadi pwani, akawaunganisha wenzake wa kazi hiyo katika ushirika wao. Wapinzani wake baadaye walimdhihaki kwa uchache wa elimu yake, na dhihaka hiyo ikawagharimu, maana wachukuzi, makuli na maskwota wa mashamba ya mikarafuu walijiona wao wenyewe ndio wanaodhihakiwa.

Chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichojulikana kwa jina la Hizbu, kiliundwa mwaka 1955. Mwanzo wake ulikuwa kwa wakulima wa Kiembe Samaki, lakini uongozi wake ulifika upesi mikononi mwa wasomi, hasa Sheikh Ali Muhsin Barwani, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Mwongozi. Alama ya chama ilikuwa jogoo. Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi, Karume akiwa Rais wake na Sheikh Thabit Kombo akiwa mmoja wa nguzo zake kutoka upande wa Washirazi.

Haki yatutaka tuseme kwamba katika karatasi vyama hivi havikuwa mbali sana. Vyote vilidai uhuru, na Hizbu iliudai kwa haraka zaidi, ikihubiri taifa moja lisilobagua rangi. Ugomvi ulikuwa juu ya nani angeupokea uhuru huo: mwenye shamba au mwenye jembe. Wamarekani nao walipitia njia inayofanana na hii. Chama cha Republican kilizaliwa mwaka 1854 katika ubishi juu ya kuenea kwa utumwa, na Abraham Lincoln alipochaguliwa mwaka 1860 majimbo ya kusini yalijitenga, vikafuata vita vya miaka minne vilivyoua watu zaidi ya laki sita. Zanzibar utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, lakini ardhi ilibaki kwa wenyewe, na kumbukumbu ilibaki kwa wajukuu.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957 kwa viti sita tu. Hizbu ilimpinga Karume mahakamani, ikidai kwamba si mzaliwa wa Zanzibar, ikashindwa. Huko Ng'ambo alisimama dhidi ya Ali Muhsin mwenyewe, akapata kura zaidi ya mara tatu ya zile za mpinzani wake. Hizbu haikupata hata kiti kimoja.

Yaliyofuata ndiyo tunayotaka maafisa na viongozi wa leo wayasome kwa makini. Maskwota walikuwa wakilima mihogo na mazao mengine chini ya mikarafuu ya makabaila bila kulipa kodi, nao wakipalilia shamba. Ulikuwa mwafaka wa muda mrefu. Baada ya uchaguzi wenye mashamba wengi waliwataka maskwota wakiunge mkono chama cha jogoo, na waliokataa wakafukuzwa. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakajibu kwa kususia maduka ya Waarabu na Wahindi, wakafungua maduka yao ya ushirika. Halafu siasa ikaingia pasipo na siasa. Watu walikataa kupanda basi la upande wa pili. Jirani hakuhudhuria harusi ya jirani, na jambo zito kuliko yote kwa nchi ya Kiislamu, watu walisusiana maziko. Sisi tuliofundishwa chuoni kwamba kumzika maiti ni faradhi ya jamii twaweza kupima fitina ilikuwa imefika wapi.

Mwezi Septemba 1958 viongozi wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Mwanza, wakaunda PAFMECA, na kwa juhudi zao vyama viwili vikakaa pamoja katika Kamati ya Uhuru. Suluhu hiyo haikudumu. Karume alilaumiwa na wenzake kwa kushirikiana na Hizbu, na Desemba 1959 Sheikh Mohamed Shamte na wenziwe waliondoka Afro-Shirazi na kuunda ZPPP. Wazee wa Ufipa hawatashangaa: Nkansi na Lyangalile zilitawaliwa na ukoo mmoja wa Watwa, na zilipigana kama mahasimu wasiojuana.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja tu. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, hata hesabu ikawa 11 kwa 11 na serikali ikakosa wa kuiunda. Kiti kimoja kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni. Siku hiyo ghasia zilianza vituoni mjini kwa tuhuma za udanganyifu, zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP.

Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Wamarekani wanaifahamu kasoro ya aina hii. Mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura nyingi hakuwa Rais. Kwao palikuwa na mazoea ya kungojea uchaguzi ujao. Visiwani uhuru ulikabidhiwa tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari 1964. Maelfu ya watu walikufa. Aliyekuwa baharia akawa Rais, na tarehe 26 Aprili mwaka huo nchi yake ikaungana na Tanganyika.

Ardhi ilitaifishwa na kugawiwa kwa wakulima eka tatu tatu, elimu ikatolewa bure, na majumba ya Michenzani yakaanza kuinuka mahali pa vibanda vya Ng'ambo. Hayo ni mema, na hatuoni haya kuyataja. Lakini mtu aliyeingia katika siasa kwa kura za Ng'ambo hakuitisha uchaguzi wowote tangu Mapinduzi hadi kifo chake, na wengine waliokuwa naye katika Afro-Shirazi, kama Othman Sharif na Abdulla Kassim Hanga, waliuawa mwaka 1969. Kuyaficha hayo ni kumfanya marehemu sanamu.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa akicheza bao Kisiwandui, makao makuu ya chama, alipopigwa risasi. Ali Muhsin alikuwa bado kifungoni. Aliachiwa mwaka 1974 baada ya miaka kumi, akafia Oman mwaka 2006. Afro-Shirazi ilivunjwa tarehe 5 Februari 1977, miaka ishirini kamili tangu kuundwa kwake, ikaungana na TANU kuwa CCM.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa mwaka 1995 Zanzibar uliamuliwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, kana kwamba miaka thelathini haikupita. Januari 2001 damu ilimwagika tena Pemba. Rais wakati huo alikuwa Amani Abeid Karume, mwana wa marehemu, na ndiye aliyekutana na Maalim Seif Sharif Hamad mwezi Novemba 2009 wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Theluthi mbili waliikubali, theluthi moja ikaikataa.