Alick Isaacs, munganga aliyevumbua interferoni na kufa mbele wengi wamuamini

Mutu akishikwa na gripi anapata homa, mwili wote unauma, nguvu inaisha. Wengi wanafikiri ni virusi tu vinaleta mateso hayo. Kumbe sehemu kubwa inatoka ndani ya mwili wenyewe: selule zenye kushambuliwa zinatuma protini kwa selule za jirani, ili nazo zijikinge. Protini hizo za kupeleka habari zinaitwa sitokini. Interferoni, moja kati ya zile za kwanza kujulikana, ni kazi ya Alick Isaacs na mwenzake Jean Lindenmann.

Isaacs alizaliwa mwezi wa saba 1921 ku Glasgow, inchi ya Scotland, mu familia ya Wayahudi. Alimaliza masomo ya uganga mu mwaka wa 1944, lakini labo ilimuvuta kuliko vitanda vya wagonjwa. Alienda Australia kujifunza virusi vya gripi kwa Macfarlane Burnet, akaoa kule, kisha akarudi Uingereza kufanya kazi ku Mill Hill, London.

Lindenmann alifika hapo toka Uswisi mu 1956. Swali lao lilikuwa la zamani: waganga walijua kama kirusi kimoja kinaweza kuzuia kingine, lakini namna gani? Walichukua ngozi nyembamba ya ndani ya yai lenye kitoto cha kuku, wakaiweka pamoja na virusi vya gripi vilivyouawa na moto. Kisha walitosha yale maji tu na kuyatia kwa ngozi nyingine mpya. Virusi vizima vilipowekwa pale, havikuongezeka vizuri. Basi selule zenyewe zilikuwa zimetosha kitu mu maji. Mu 1957, mwaka ule ule gripi kali ilizunguka dunia, walitangaza jina lake: interferoni.

Magazeti yalisema dawa ya virusi vyote imepatikana. Haikuwa vile. Ile protini ilikuwa kidogo sana, na kuisafisha kulishinda kila mutu. Wataalamu wengine walisema haiko, wakamucheka. Isaacs alikuwa tayari anasumbuliwa na ugonjwa wa huzuni nzito, uliorudi mara kwa mara. Mu 1964 damu ilimwagika mu ubongo. Alirudi kazini hata hivyo. Mu 1966 aliingizwa mu Royal Society, heshima kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Tarehe 26 mwezi wa kwanza 1967 alikufa, akiwa na miaka 45.

Jibu lilikuja nyuma yake. Ku Finland, Kari Cantell aliitosha mu selule nyeupe za damu ya watu. Mu 1980 wataalamu walifaulu kuitengenezesha kwa bakteria, na mu 1986 Marekani iliikubali kama dawa ya aina moja ya kansa ya damu. Ilitumiwa pia kwa hepatiti B na C. Hapo ikaonekana kama haiko ya kuchezea: wagonjwa waliochomwa sindano zake walipata homa na uchovu kama wa gripi, na wengine huzuni nzito, ugonjwa ule ule uliomutesa Isaacs. Ikiwa kidogo inaamusha walinzi wa mwili. Ikizidi, inaumiza mwili wenyewe.

Lindenmann aliona yote hayo. Alikufa mu 2015.