SARALA BEHN: MTUMISHI WA AKINA MAMA WA MILIMANI

Jina la Mahatma Gandhi halihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Lakini miongoni mwa wafuasi wake alikuwako bibi mmoja, mzaliwa wa London, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika vijiji vya milima ya Himalaya, na ambaye habari zake hazijavuma sana huku kwetu. Wahindi walimwita Sarala Behn, yaani Dada Sarala. Leo twapenda kuyaeleza maisha yake kwa kifupi, kwa kuwa kazi aliyoifanya yawahusu wananchi wote waishio milimani, na yatuhusu hasa sisi tulio askari.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Catherine Mary Heilman. Alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1901. Mama yake alikuwa Mwingereza, na baba yake alikuwa wa asili ya Waswisi wasemao Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, asili hiyo iliiletea nyumba yao balaa. Baba alitiwa kizuizini kana kwamba ni adui. Binti alitengwa na wenzake, akanyimwa msaada wa masomo aliostahili, akaacha shule mapema na kuingia kazi ya ukarani. Sisi ambao kazi yetu ni ya silaha twajua kwamba vita huwajeruhi pia watu wasiopata kuuona uwanja wa mapigano. Binti huyu alijeruhiwa hivyo angali mtoto.

Katika miaka ya 1920 alifahamiana na wanafunzi wa Kihindi waliokuwa wakisoma London. Kwao ndiko alikosikia habari za Gandhi na za madai ya uhuru wa India. Mwezi Januari 1932 alipanda meli kwenda India, wala hakurudi tena Uingereza. Kwanza alifundisha katika shule moja huko Udaipur. Baadaye alikwenda kuishi karibu na Gandhi huko Wardha, akakaa kwa muda wa miaka minane hivi. Huko alishiriki katika ile elimu mpya ambayo Gandhi aliitangaza mwaka 1937, elimu ya kumfunza mtoto kitabu na kazi ya mikono kwa pamoja. Wasomaji watakumbuka kwamba fikira iliyo karibu na hiyo ilitangazwa Tanzania mwaka 1967 kwa jina la Elimu ya Kujitegemea.

Joto la bondeni na malaria vilimdhoofisha mno. Kwa ridhaa ya Gandhi, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipanda kwenda Kausani, katika wilaya ya Almora, nchi ya Kumaon. Kausani ni kijiji kilicho juu ya kilima, na kutoka hapo huonekana vilele vya theluji vya Trishul na Nanda Devi. Mgeni huenda akasifu uzuri wa mahali hapo na kwenda zake. Bibi Sarala alitazama zaidi njia nyembamba za miguu, na wanawake waliopita humo wameinama chini ya mizigo.

Maisha ya wanawake hao yalikuwa mazito. Mama wa Kumaon aliamka kabla ya mapambazuko. Aliteka maji katika chemchemi ya mbali, akakamua, akasafisha zizi, akabeba samadi kwa kikapu hadi makonde yaliyochongwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima. Alipanda, akapalilia, akavuna. Alikwenda msituni kutafuta kuni, akapanda majabali kukata majani ya ng'ombe, na wako walioteleza wakafa. Kazi ya shamba iliyohesabiwa kuwa ya mwanamume ilikuwa kulima kwa plau, na wanaume wengi hawakuwako nyumbani. Mashamba yalikuwa madogo, nao walishuka mabondeni kutafuta mshahara mijini na jeshini. Vijana wa milima hiyo wamekuwa askari hodari, hata mwaka 1945 jina la Kumaon likawa jina rasmi la kikosi kizima. Fedha walizoweza kuzituma zilifika kwa hawala ya posta. Mzigo wa kijiji ulibaki mgongoni mwa mama.

Bibi Sarala alikuwa bado mgeni Kausani ilipofika harakati ya mwaka 1942 ya kuwataka Waingereza waondoke India. Wanaume wengi wa Kumaon walitupwa gerezani. Yeye, Mwingereza kwa kuzaliwa, alikwenda kwa miguu kijiji hata kijiji akizitafuta jamaa za wafungwa, akiuliza nani hana chakula na nani mgonjwa. Serikali ilimpiga marufuku kutoka Kausani. Alivunja amri hiyo, akafungwa mara mbili katika magereza ya Almora na Lucknow, jumla ya karibu miaka miwili. Katika safari zile ndipo alipowajua wanawake wa milimani kwa sura na kwa shida zao. Aliona kwamba, waume wakiwa jela, kijiji hakikusimama. Akina mama waliendelea kukiendesha, ingawa wao wenyewe walijihesabu kuwa watu duni wasio na akili.

Alipofunguliwa alikata shauri kuanzisha shule ya wasichana. Shule hiyo ilifunguliwa Kausani mwaka 1946. Ilipewa jina la Kasturba, mke wa Gandhi aliyefia kizuizini mwaka 1944, lakini watu waliizoea kwa jina la Lakshmi Ashram, kwa heshima ya mke wa bwana aliyetoa kiwanja. Wazazi hawakuwa wepesi kuwatoa binti zao. Msichana alikuwa jozi ya mikono nyumbani. Akienda shule, nani atakata majani?

Jibu la Bibi Sarala lilikuwa kutoitenga shule na kazi. Wasichana walisoma na kuandika, kisha wakalima bustani, wakatunza ng'ombe, wakasokota sufu, wakafuma na kushona. Mwalimu mwenyewe alishika jembe na kubeba samadi pamoja nao. Mwanzoni jambo hilo liliwashangaza wazazi, kwani walidhani elimu ni ya kumtoa mtoto shambani. Taratibu wakaona kwamba binti aliyerejea kutoka Kausani hakuidharau kazi ya mama yake, bali aliifanya kwa maarifa zaidi, na juu ya hayo aliweza kusimama barazani na kusema.

Wengi wa wasichana hao walikwenda kuwa watumishi wa vijiji vingine. Mmoja wao, Vimla Nautiyal, alipoposwa na Sunderlal Bahuguna alimwekea sharti moja: aache siasa za vyama, waende wakaishi na wanakijiji milimani. Bwana alikubali, wakaoana mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 akina mama wa milima hiyo walisimama kupinga maduka ya pombe yaliyokuwa yakimeza fedha za nyumbani, na watumishi waliolelewa katika mafundisho ya Gandhi walikuwa pamoja nao.

Mwaka 1966 Bibi Sarala alifanya jambo ambalo waanzilishi wengi huliona gumu: aliiacha shule mikononi mwa wanafunzi wake, akaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa katika bonde la Chambal, akizisaidia jamaa za majambazi waliosalimisha silaha zao. Alijua kwamba bunduki ikiwekwa chini, mke na watoto wa yule aliyeiweka wangali wanataka kula.

Wakati huo milima ilikuwa ikivuliwa miti. Mialoni na misonobari ilikatwa kwa biashara, na mafuriko ya mto Alaknanda ya mwaka 1970 yaliwafunza wanakijiji maana ya mlima usio na msitu. Tarehe 26 Machi, 1974, wakataji walikwenda katika msitu wa Reni. Siku hiyo wanaume wa kijiji walikuwa wameitwa Chamoli kupokea fidia ya ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya jeshi baada ya vita vya India na China vya mwaka 1962. Bibi Gaura Devi na wanawake na wasichana 27 walikwenda msituni, wakaizuia miti kwa miili yao. Bibi Sarala hakuwako Reni, na sifa ya siku ile ni yao. Lakini harakati hiyo, iitwayo Chipko, ilimwona kuwa mmoja wa wazee wake, naye aliitumikia kwa shauri na kwa kalamu mpaka mwisho. Aliandika vitabu 22. Alifariki mwezi Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 81, na mwili wake ulichomwa kwa desturi ya Kihindi pale pale Lakshmi Ashram.

Sisi nasi tuna milima. Tuna Kigezi, tuna Rwenzori, tuna Bugisu, ambako mwezi Machi 2010 udongo wa Mlima Elgon uliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake. Tumepata kufika katika kijiji kimoja cha milimani na kuonyeshwa vyerehani vilivyoletwa kuwasaidia akina mama. Vilikuwa vimefunikwa gunia, vimeshika kutu. Aliyevileta hakuuliza ni saa ngapi mama wa kijiji kile hupata nafasi ya kuketi. Bibi Sarala angaliuliza hilo kwanza, kisha angalikwenda naye kuteka maji apate kulijua jibu.

Tulio kambini twatoka katika vijiji kama hivyo. Tukipokea mshahara twatuma nyumbani na kuona kwamba wajibu umekwisha. Yafaa tukumbuke ni nani aliyelinda nyumba na shamba tulipokuwa zamu mbali, na tunapopewa likizo tushike jembe kando yake kabla ya kumweleza habari za maendeleo.